Gari la Dakika Lilipoanza Kukohoa

Mjomba wangu aliitwa Sikio kabla mimi sijazaliwa, na watu wa gereji wakishakubandika jina, hata mama yako mzazi atalisahau lile alilokupa yeye. Masikio yake ni ya kawaida tu. Jina lilitokana na tabia yake ya kuweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, mpini akaugandamiza sikioni, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa. Wapo waliodhani anaringa. Siku moja mwanamke alileta gari lililokuwa likilia kwii kila likipita kwenye shimo, na mafundi wawili walikuwa wameshambadilishia springi bure. Mjomba alilitikisa mara mbili, akasikiliza, akafungua mlango wa nyuma na kuchomoa chini ya kiti bata wa mpira wa kuchezea mtoto. "Mgonjwa wako huyu hapa, mama," akamwambia. Yule mwanamke alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi ni mtoto wa dada yake, na nina dirisha la kuuzia spea mbele ya gereji hiyohiyo. Ua ni mmoja: mbele barabara na dirisha langu, katikati gereji, nyuma nyumba ya vyumba vitatu anamoishi Mjomba na mkewe. Nikigeuza kiti changu naona mpaka mlango wa jikoni kwao. Mdomo wangu hauna breki, Mjomba mwenyewe huwaambia wateja hivyo ili wasinichokoze, kwa hiyo nitasimulia kama nilivyoona. Lipo jambo moja tu ambalo sote katika ukoo tuliliona kinyume, nalo nitalifikia.

Walijaliwa mtoto mmoja. Tulimwita Dakika kwa sababu hakuna mahali alipowahi kufika kwa wakati. Ukimwita kula, "dakika moja." Ukimwamsha, "dakika moja." Mama yake alisema hata kuzaliwa alichelewa, mkunga akachoka kusubiri akaenda kunywa chai. Alipokua akawa fundi wa vigae, na fundi mzuri, sakafu yake ungeweza kuviringisha gololi kutoka mlangoni isiyumbe. Akanunua gari dogo la kubebea vifaa vyake. Na kwa kuwa alijijua, saa ya kwenye dashibodi aliitanguliza kwa dakika kumi ili ajidanganye. Hakudanganyika. Alipoitazama alipunguza kumi kichwani, akaendelea kuchelewa kama kawaida.

Vigae hukatwa kwa msumeno wa umeme, na vumbi lake ni jeupe na laini kama unga. Mjomba alimpigia kelele avae kitambaa usoni, akajibu kuwa kitambaa kinamnyima pumzi. Mama yake alimnunulia kile cha kufunika pua na mdomo, yeye akakitundika kwenye kioo cha kutazamia nyuma kama pambo. Kikohozi kilianza kama mzaha, kikawa cha asubuhi tu, viwili vifupi na kimoja kirefu, halafu kimya, halafu ile pumzi ya kukwama kabla haijaingia. Tulikizoea. Mimi nilikuwa nikikisikia nafungua dirisha langu, nafahamu kwamba Dakika ameamka na kwamba amechelewa. Mficha maradhi kifo humfichua. Alipokubali kwenda hospitali, daktari aliangalia picha ya kifua chake akamwomba baba yake atoke naye nje kidogo.

Baba ambaye maisha yake yote alikuwa akizibua injini za watu hakuweza kuzibua kifua cha mwanawe. Hilo nililiona likimtafuna hata kabla ya mazishi. Alikaa kando ya kitanda na kusikiliza ile pumzi kwa namna ileile, macho yamefumbwa, kichwa kimeinama, kama aliyekuwa akitafuta sauti inatokea wapi ili aende kuchukua spana.

Baada ya mazishi gari lilibaki pale lilipoegeshwa, chini ya bati, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha kulala. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimebonyea upande wa kushoto alikozoea kuegemea. Mjomba alianza kuliwasha kila asubuhi, saa ileile Dakika alipokuwa akiliwasha. Anaingia, anafunga mlango, anashusha kioo nusu, anawasha, anakaa humo mpaka lipate joto, anazima, anakuja kazini. Nilipomuuliza alinijibu, "Ili betri isife." Jibu la fundi, hukuwa na pa kulishikia.

Hapo lazima nieleze mtindo wake mmoja ambao mafundi wenzake waliucheka. Sikio hakuwahi kutoa betri ya gari la mtu hivihivi. Kwanza aliunganisha betri ndogo ya pikipiki kwa nyaya mbili, ishikilie umeme wakati anafanya kazi, ili gari lisipoteze kumbukumbu hata moja. Mteja wake alipokuja kuchukua gari alikuta redio kwenye stesheni yake na saa inasoma sawasawa. "Gari la mtu ni kama chumba chake," alisema. "Umeitwa kurekebisha taa, usimpangulie nguo." Watu walimpenda kwa hilo. Na gari la Dakika lilipohitaji betri mpya, alifanya hivyohivyo, kwa uangalifu ambao sijauona akiutumia hata kwa magari ya wakubwa. Saa ikabaki dakika kumi mbele. Redio ikabaki pale Dakika alipoitega vibaya, nusu mtangazaji, nusu mikwaruzo kama ya mchanga.

Sasa gari linalowashwa kila siku na haliendi popote hujijaza masizi. Miezi ikapita, sailensi ikaanza kushuka, yaani ule mngurumo wa gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta. Likawa linataka kuzimika. Jumapili moja Mjomba akafungua throto, kile kikombe cha chuma chenye kipepeo ndani ambapo injini huvutia hewa. Alinionyesha. Kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Akakipulizia dawa, akakisugua kwa mswaki wa zamani mpaka kikang'aa, akasafisha na sensa ya hewa, akarudisha kila kitu mahali pake. Betri ndogo ya pikipiki ilikuwa imeunganishwa muda wote, bila shaka. Aliwasha, injini ikakubali. Nilimwona akitabasamu, jambo ambalo nilikuwa nimeanza kulisahau.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafungua makufuli ya dirisha langu. Nikamsikia Dakika akikohoa.

Sisemi nilisikia kitu kinachofanana. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Kimya. Halafu ile pumzi inayokwama. Kufuli liliniponyoka likaanguka mguuni na sikuhisi maumivu mpaka baadaye. Fundi cherehani wa jirani, aliyemjua Dakika tangu akivaa kaptula, alitoka mlangoni kwake na mkasi mkononi akanitazama. Kikohozi kikaja tena. Nikageuka nyuma. Gari lilikuwa linatetemeka chini ya bati, na Mjomba yuko ndani yake, mikono yote miwili kwenye usukani. Lile tetemeko lilikuwa linaangusha vumbi la vigae kutoka kwenye kitambaa cha paa la gari. Lilimwagika polepole, jeupe, juu ya dashibodi na juu ya mikono ya Mjomba, naye hakulifuta.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mkewe na glasi ya maji ya moto.

Mkaza mjomba wangu ni mwanamke mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Mwanawe alipokuwa hai alikuwa akimpelekea maji ya moto kila asubuhi ili kifua kilegee. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye gari, akapitisha glasi pale kioo kilipokuwa nusu wazi, akasema, "Pole. Kunywa yangali moto." Akarudi ndani. Mjomba aliishika ile glasi kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake. Akaiweka juu ya dashibodi, katikati ya vumbi. Injini ilipopata joto ikatulia, kikohozi kikakoma, akazima. Maji yakapoa palepale.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Gari likiwa la baridi linakohoa, mama anatoka na glasi, anasema pole, anarudi. Glasi zinapoa. Mjomba hakunywa hata tone, kwani nani atakunywa maji aliyoletewa marehemu? Na mimi, ambaye nauza plagi na fani belti na siamini mizimu, nilianza kuchelewa kufungua dirisha makusudi. Mteja mmoja alikuja mapema, akasikia, akauliza kwa upole, "Nani anaumwa huko nyuma?" Nilimuuzia kitu asichokitaka ili aondoke.

Mjomba alilitafutia dawa lile gari kama mtu aliyechanganyikiwa. Alibadilisha gasketi ya throto. Alipuliza dawa kwenye kila mpira wa hewa kuona kama kuna unaovuja. Alichukua kwangu plagi mpya, alichukua sensa ya joto la maji, akasafisha nozeli za kupulizia mafuta. Akiliwasha mchana liko safi. Asubuhi, kikohozi. Magari ya wateja yalijazana uani na wenye magari wakaanza kununa. Bisibisi yake ndefu ilikuwa imegandamizwa sikioni, macho yamefumbwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Sikio hasikii ugonjwa uko wapi. Mganga hajigangi, walisema mafundi wa ng'ambo ya barabara. Mimi niliwatupia neno ambalo sitalirudia hapa.

Kilichotutisha zaidi ni mkewe. Aliacha kulala kitandani. Alivuta kiti karibu na dirisha linalotazama gari, akawa anapambazukiwa hapo, shuka mabegani. Chakula alikigusa tu. Dada yake alimpigia simu kumwomba aende akapumzike kwake wiki mbili, naye akamjibu, nilisikia kwa masikio yangu nikiwa nimemletea sabuni, "Siwezi kuja. Nina mgonjwa."

Dada mtu alilia kwenye simu. Akampigia mama yangu, mama yangu akanipigia mimi, na kikao cha ukoo kikafanyika hewani bila wenye nyumba kujua. Ikaamuliwa kwamba dada yake atakuja Jumamosi kumchukua, ampeleke kwa daktari wa akili, akae naye mpaka gari liuzwe. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwambia Mjomba. Nilimwambia akiwa ameinama juu ya karai la oili chafu. Hakuinua uso.

"Wakimchukua hatarudi," alisema.

"Basi lirekebishe hilo gari, Mjomba. Likiacha kukohoa atapona."

"Unadhani nafanya nini?"

Nilimwonea huruma. Alikuwa amempoteza mtoto, na sasa anaenda kumpoteza mke, na kilichosimama katikati ni chuma na masizi, vitu ambavyo alikuwa akivishinda kila siku ya maisha yake.

Ijumaa, siku moja kabla ya huyo dada kufika, dereva wa teksi alisimama mbele ya dirisha langu na gari dogo kama la Dakika, muundo uleule. Alikuwa na haraka na hasira. "Fundi mmoja kanisafishia throto juzi," aliniambia, "tangu hapo gari asubuhi linatetemeka kama lina homa. Likipata joto linatulia." Nikamwita Mjomba, naye akaja anajifuta mikono. Alisikiliza maelezo yale mpaka mwisho, wala hakuomba bisibisi.

"Alitoa betri alipokuwa anasafisha?" akauliza.

"Hakutoa."

"Basi injini yako ni safi, kichwa chake ndicho bado kichafu." Alisema kwa sauti tambarare kabisa, kama mtu anayesoma anwani. "Kompyuta ya gari imezoea masizi miaka yote hii. Imejifunza kufungua njia zaidi ili hewa ipite. Wewe umeyaondoa masizi, yenyewe haijui, bado inafungua vilevile. Gari likiwa la baridi linaendeshwa na kumbukumbu. Likipata joto ndipo linaanza kunusa moshi wake lenyewe na kujirekebisha. Toa kichwa cha betri, kiache nje uende ukanywe chai. Acha lisahau. Kisha lirudishie, uliwashe, usilikanyage mafuta, liache lijifunze upya. Kesho asubuhi utaona."

Yule dereva alishukuru akaondoka. Mjomba akageuka kurudi kazini, na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya dirisha langu kama sanamu.

Nilizunguka nikamfuata mpaka chini ya bati. Hapo breki zangu, kama zilikuwepo, zilikatika.

"Mjomba! Kumbe dawa unaijua?"

Akaendelea kujifuta mikono.

"Umenimalizia plagi, umenimalizia gasketi, umemwacha mkeo analala kwenye kiti kama mlinzi, na dawa ni kufungua nati moja?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Kesho wanamchukua! Unajua tangu lini?"

Aliweka mkono juu ya boneti ya gari la Dakika. Aliuweka taratibu, kama unavyomwekea mtu aliyelala kuona kama ana joto. "Tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilijua lilipokohoa mara ya kwanza."

Nikaegemea nguzo ya bati.

"Likisahau, litasahau vyote," akaendelea. "Ile saa yake. Ile stesheni yake. Namna alivyokuwa anakanyaga, maana hata hilo limejifunza. Nilipoosha ile throto nilijua nimefuta kitu chake kimoja, na lilipokohoa nikasema, basi, halijamwacha. Na yule mama yake... kila asubuhi anatoka na maji. Ana kitu cha kumfanyia mwanawe. Wewe utamnyang'anya vipi? Atoke na glasi akute gari limenyamaza, ampe nani?"

"Nani kakwambia yale maji ni ya mwanangu?"

Tuligeuka wote. Mkaza mjomba alikuwa amesimama na beseni la nguo mbichi kiunoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alilitua beseni chini, akajifuta mikono kwenye khanga, na nilimwona kwa mara ya kwanza tangu msiba akiwa amekasirika. Hasira ilimrudishia rangi usoni.

"Mwanangu nilimfumba macho kwa mkono huu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwepo, wewe ulikuwa umetoka nje. Najua alipo. Hanywi maji tena yule."

"Mama Dakika..." Mjomba alianza.

"Nyamaza, leo nisikilize mimi. Kila asubuhi mume wangu anatoka kitandani ananyata kama mwizi, anajifungia kwenye gari, anawasha, na gari likianza kukohoa, naye analia. Unalia kwa sauti, baba Dakika. Unadhani lile tetemeko linakuficha. Dirisha langu liko pale! Ndiyo maana nikavuta kiti. Niliogopa siku moja utafunga na hicho kioo nusu, uuvute ule moshi. Ningelalaje kitandani?"

Mjomba aligeuka kukitazama kile kiti dirishani.

"Dada yangu ananiambia njoo upumzike. Nitakuachaje? Nikamwambia nina mgonjwa. Kumbe wao wamesikia nina wazimu." Alinitupia jicho, nikatazama viatu vyangu. "Maji nilikuwa nakuletea wewe. Asubuhi zote hizo. Unaniitikia kwa kichwa, unayaweka pale yanapoa. Nikasema labda hayamtoshi, nikaongeza sukari. Sikio! Unasikia bata wa mpira chini ya kiti cha watu, humsikii mkeo anakwambia kunywa?"

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa lile neno, na namshukuru Mungu nililimeza, kwa sababu mjomba wangu alikuwa amekaa chini kwenye oili, mtu mzima yule, anamtazama mkewe kama aliyeletwa mbele yake sasa hivi kutoka safari ndefu. Alikuwa amemlinda dhidi ya kitu asichokuwa nacho. Naye mkewe alikuwa amekesha kumlinda yeye. Na sisi wengine tulikuwa tumeshakodi gari la kumpeleka kwa daktari yule aliye mzima kuliko sote.

Mkaza mjomba alichukua spana namba kumi kutoka kwenye meza. Miaka yote ya kuolewa na fundi ilimtosha kujua namba ya spana ya betri. "Kipi?" akauliza.

Mjomba alinyoosha kidole. "Hicho cheusi kwanza."

Kwa mazoea mkono wake wa pili ulikuwa umekwishafika kwenye ile betri ndogo ya pikipiki na nyaya zake mbili. Aliishika. Tulimwona anaishika. Kisha akaisukuma chini ya meza kwa mguu.

Nati ilikuwa ngumu, akamsaidia, mikono minne kwenye spana moja. Kichwa cheusi kilipotoka, taa ndogo ya saa kwenye dashibodi ikazimika. Haikutoa sauti yoyote. Mjomba aliinamisha kichwa upande, vile anavyosikiliza, akabaki hivyo kwa muda, na sijui alikuwa anasikia nini, kwa sababu mimi nilisikia nguo mbichi tu zikichuruzika kwenye beseni. Wakaenda ndani kunywa chai. Mimi nikabaki kulilinda gari, bila kuambiwa, na bila kujua nalilinda na nini.

Baadaye alirudishia kichwa cha betri, akaliwasha, akaliacha lingurume bila kuguswa mpaka feni ikajiwasha na kujizima. Saa ilikuwa inawaka na kuzima, sifuri tupu. Redio ilikuwa mchanga mtupu.

Jumamosi nilifungua mapema kuliko siku zote. Dada mtu alikuwa bado njiani, nilikuwa nimempigia kumweleza na hakuniamini, akasema anakuja kujionea. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ile hasa ambayo gari lingekohoa. Nilisimama na kufuli mkononi. Fundi cherehani alikuwa mlangoni kwake, naye hana mkasi wala kitambaa, amesimama tu.

Mjomba alitoka ndani, hakunyata. Akaingia kwenye gari, akafunga mlango. Ufunguo ukazunguka.

Liliwaka mara moja. Mngurumo ukapanda kidogo, ukashuka, ukatulia. Hakukuwa na viwili vifupi, wala kimoja kirefu. Nikajikuta naisubiri ile pumzi inayokwama, nikiwa nimebana ya kwangu, na haikuja. Vumbi halikuanguka. Niliyekuwa nikikiogopa kile kikohozi kila siku nilitamani nikisikie mara moja tu ya mwisho, na nilijichukia kwa kutamani hivyo.

Na kwa kuwa injini ilikuwa imetulia kama maji kwenye beseni, haikuficha kitu. Kilio cha Mjomba kilisikika ua mzima, kikavuka gereji, kikafika barabarani kwangu. Alilia kwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, kama chuma kilichokaa muda mrefu bila kugeuzwa. Fundi cherehani akaingia ndani akafunga mlango wake taratibu, kwa heshima.

Mkaza mjomba alitoka na glasi. Safari hii hakuipitisha kwenye kioo. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaondoa kile kitambaa cha kufunika pua kilichokuwa bado kinaning'inia kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akakaa. Wakabaki wawili humo, gari limewaka, haliendi popote. Muda ukapita. Nilimwona Mjomba akipokea glasi kwa mikono miwili na kuinywa.

"Yamepoa," nilimsikia akisema.

"Umechelewa," mkewe akamjibu.